Jalada la Kijani la Ezell Gadsden

Baba yangu, Ezell Gadsden, hakuwahi kutamka kwa mdomo wake kwamba alihitimu Chuo cha Ellery. Nimepekua kumbukumbu zangu zote, nimewauliza na watu wa kanisani kwa kuzungukazunguka, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kumsikia akisema hivyo. Alisema "nilipokuwa Ellery." Alisema "sisi watu wa Ellery." Alisema "mwaka wetu, sabini na nne." Yaliyobaki alituachia tuyajaze wenyewe, nasi tukayajaza kwa furaha, kwa sababu sebuleni kwetu, juu ya redio ya Mama, lilining'inia jalada la ngozi ya kijani lenye nembo ya dhahabu ya chuo, ndani ya fremu ya kioo, limefungwa.

Watu wengine hutundika shahada yenyewe. Baba alitundika jalada lake. Mgeni akiuliza, alijibiwa kwamba jua la South Carolina linakula wino, na karatasi ya maana haianikwi kama soksi. Watu walicheka, wakamsifu kwa uangalifu. Hata mimi nilimsifu, mpaka nilipofika miaka kumi na tisa.

Alizaliwa hapa hapa Bascomb mwaka hamsini na mbili, mtoto wa mwanamke aliyefua nguo za Wazungu na mwanamume aliyepasua mbao kiwandani. Babu alikuwa na mvi kichwa kizima, na kijana wa Kizungu wa dukani aliyeota ndevu juzi alimwita "boi." Babu aliitika. Baba alikuwa amesimama pembeni yake ameshika mfuko wa unga, na mpaka leo akisimulia hilo anaangalia viatu vyake.

Septemba ya mwaka sabini akashuka kwenye basi mbele ya geti la Ellery na sanduku la maboksi lililofungwa kamba. Chuo chetu kilijengwa na watu waliotoka utumwani, waliofyatua matofali kwa mikono yao, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupelekwa kuyashika matofali hayo kabla ya kuonyeshwa vitanda vyao. Baba aliyashika. Lakini kilichombadilisha si matofali. Kilichombadilisha ni darasa la kwanza la historia, la Daktari Hortense Mabry, bibi mfupi mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Aliita majina.

"Bwana Gadsden."

Baba akageuka kuangalia mlangoni, akidhani baba yake amemfuata.

"Bwana Gadsden, ninakuita wewe. Unamtafuta nani?"

Tumeisikia hadithi hiyo mara mia. Tuliigiza, mimi na kaka yangu Torrance, yeye akiwa Baba na mimi Daktari Mabry, na vifuniko vya mitungi ya jamu ndiyo miwani. Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Alisema alitoka darasani siku ile anatembea tofauti, na nilipofika Ellery mimi mwenyewe nikaitwa "Bibi Gadsden" na mwalimu ambaye angeweza kunifukuza kwa kidole, nilielewa. Huko nje unakuwa mtu mweusi fulani. Pale geti likifungwa nyuma yako unakuwa mtu tu, na unadaiwa kazi ya nyumbani kama mtu. Ukishaonja hiyo huwezi tena kurudi ulivyokuwa. Nasema haya nisije nikaonekana nakisema vibaya chuo. Chuo hakikukosa.

Baba alisomea ualimu wa historia, kisha akapeleka barua. Miaka thelathini na mitatu, njia ile ile, nyumba mia nne na kitu, tai shingoni hata Julai wakati posta yenyewe ilimruhusu kuvaa kaptula. Watu walishangaa. "Msomi mzima anabeba mkoba?" Baba alijibu kwamba posta ina bima nzuri ya matibabu, na wote wakaona ni mtu mwenye akili.

Ila ualimu aliufanya huko huko njiani. Kila mtoto aliyecheza barazani aliitwa kwa heshima.

"Bwana Peeples, hesabu zinaendaje?"

"Mbaya, Bwana Gadsden."

"Mbaya ni neno, Bwana Peeples. Nipe namba."

Bwana Peeples alikuwa na miaka sita, kamasi puani. Leo ni daktari wa meno Columbia. Chini ya barua, kinyume na kanuni za posta, Baba alibeba fomu za kuombea nafasi Ellery, na mtoto akifika kidato cha mwisho fomu ilitua mezani kwao pamoja na bili ya umeme. Arobaini na mmoja walikwenda kwa mkono wake. Na aliwaambia wote neno moja: kuanza ni kwa kila mtu, kumaliza ndiyo jina lako. Aliwatazama machoni akisema hivyo, na kwa kweli sijui aliwezaje.

*

Nilijua mwaka tisini na nane. Ilikuwa wiki ya Pasaka, nimerudi nyumbani kutoka Ellery, niko mwaka wa kwanza, na Mama ameniambia nifute vioo. Nikasugua fremu ile kwa nguvu, msumari ukachomoka, fremu ikaangukia kochi na mgongo wake ukafunguka. Jalada likateleza sakafuni likiwa wazi. Upande wa shahada hakukuwa na shahada. Kulikuwa na barua iliyopigwa taipu.

"Bwana Gadsden: Chuo kinakupongeza kwa kukamilisha masomo yote isipokuwa sharti moja, yaani mtihani wa kuogelea. Tafadhali fika bwawani tarehe kumi Juni, saa tatu asubuhi. Ukishavuka urefu wa bwawa mara moja, utakabidhiwa shahada yako."

Kwanza nilicheka. Kuogelea! Wakati wangu sharti hilo lilikuwa limeshafutwa na bwawa limefunikwa mbao, bendi ya chuo inafanyia mazoezi juu yake. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka Lemuel, mdogo wake Baba. Bascomb palikuwa na bwawa zuri, la Wazungu. Watoto wetu waliogelea mtoni, na mto ukamchukua Lemuel akiwa na miaka saba, Baba akiwa kwenye ukingo ameshika nguo zake. Miaka michache baadaye sheria ilipoamuru bwawa la mji lifunguliwe kwa wote, baraza la mji lililijaza zege. Baba hata darajani anapita akiwa amefunga madirisha ya gari.

Nilirudisha barua, nikarudisha jalada, nikaugongomea msumari kwa kisigino cha kiatu. Mama akauliza jikoni ni kelele gani. Nikasema hakuna kitu.

Sasa niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilimhurumia Baba, ndiyo. Lakini chini ya huruma kulikuwa na utamu. Nilikuwa namjua kuliko Mama anavyomjua, kuliko Torrance, kuliko kanisa zima. Nilitembea na siri ile kama mtu aliyeficha pipi shavuni.

*

Torrance alinitangulia miaka miwili. Yeye ndiye aliyekuwa mcheshi, mpiga tarumbeta wa bendi ya Ellery, wa kwanza kuruka kwenye safu wakati wa sherehe za kurudi nyumbani, wahitimu wanapokirudia chuo kila Oktoba, goti juu mpaka kifuani. Ukienda leo mitaa ya chuo, watu wa rika lake bado wanamwita "Bomba." Alibakiza somo moja, takwimu. Alilifeli mara mbili. Msichana wake Shavonne akawa mjamzito, bandarini Charleston wakawa wanatafuta wachomea vyuma, naye akaenda. Alimwambia Baba atamalizia baadaye. Baba aliondoa picha ya Torrance yenye sare ya bendi kutoka ukutani, akasema itarudi siku yenyewe.

Kila Jumapili ya mwisho ya Mei, kanisani kwetu Mlima Nebo, ni siku ya vyuo. Mchungaji anataja chuo, waliotoka huko wanasimama na rangi zao, wenzao wanawapigia kelele, wa vyuo vingine wanawazomea kwa upendo. Ellery ilipofikiwa, Mchungaji aliketi na Baba akasimama, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyang'anya kazi hiyo. Mwaka elfu mbili na moja ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimehitimu wiki mbili kabla. Nilivaa gauni jeupe alilonishonea Mama na kitambaa cha kijani shingoni.

"Watu wa Ellery!" Baba aliita. "Simameni tuwaone!"

Tulisimama kumi na saba. Kanisa likapasuka. Na kwenye benchi la tatu Torrance naye akasimama, binti yake mchanga begani, anapiga mbinja ile ya bendi, meno yote nje.

Baba aliinua mkono. Kelele zikapungua.

"Torrance," alisema. "Keti. Hapa wanasimama waliomaliza."

"Baba, mimi nasimama kwa ajili ya..."

"Keti, mwanangu. Ukimaliza, utasimama."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa woga. Dada Odessa, mama mkubwa wa kwaya, akaacha kujipepea. Torrance aliketi. Alimweka mtoto pajani akamtengenezea soksi, soksi ambayo ilikuwa sawa tu, akaitengeneza tena. Halafu akainuka, akapita katikati ya mabenchi na Shavonne nyuma yake, mlango ukajifunga. Baba akaendelea kuita majina. Sauti yake haikutetemeka. Nami nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, najua lililoko ndani ya jalada lile, natabasamu kwa sababu Dada Odessa alikuwa ananipiga picha.

Picha ninayo. Nimependeza.

Sikutakiwa kupiga kelele kanisani. Hilo najisamehe. Lakini chakula kilikuwa nyumbani, paja la nguruwe na sukuma wiki na keki ya nazi, na Mama alinivuta jikoni macho mekundu.

"Renita, zungumza na baba yako. Wewe anakusikiliza."

"Nimwambie nini, Mama?"

"Sijui! Mwambie ni mtoto wake!"

"Mama, na Torrance naye angemaliza tu," nilisema. "Somo moja."

Nilisema hivyo. Nilikuwa nimeshika kisu cha keki.

*

Miaka ishirini na mitatu. Torrance hakukanyaga tena Mlima Nebo, isipokuwa siku tuliyomzika Mama, na siku hiyo alikaa benchi la mwisho kabisa pamoja na watu wa kampuni ya mazishi. Alinipigia simu kila Krismasi. Kwa Baba alituma kadi yenye sahihi tu. Baba alizipanga kadi hizo kwenye droo kwa kufuata miaka, kama barua zilizokosa anwani. Picha ya bendi haikurudi ukutani. Mimi nikawa katibu wa shule ya msingi hapa mjini, nikaolewa, nikaachika, nikahamia tena nyumbani kumtunza mzee, na kila mtu akasema Ezell Gadsden ana bahati ya kuwa na binti kama yule.

Mwezi uliopita simu ililia wakati wa chakula cha mchana. Baba hasikii vizuri, kwa hiyo simu zake zote zinasikika nyumba nzima.

"Bwana Gadsden? Naitwa Bibi Jamerson, wa ofisi ya msajili, Chuo cha Ellery."

Baba alikaa wima. Ni kawaida yake, hata kwa simu. "Shule yangu inasemaje, Bibi Jamerson?"

"Haijambo, mzee wangu. Ni kuhusu maandamano ya majoho ya dhahabu. Darasa la sabini na nne mnatimiza miaka hamsini, hongereni sana. Sasa, nahakiki majina, na lako silioni kwenye daftari la wahitimu. Naliona kwenye daftari la wanafunzi."

"La wanafunzi."

"Ndiyo, baba. Kwa mujibu wa kompyuta wewe bado ni mwanafunzi wetu. Umechelewa darasani kidogo tu!" Alicheka, binti wa watu, hana habari. "Hapa imeandikwa umebakiza kuogelea. Lakini usihangaike, sharti hilo lilifutwa kabla sijazaliwa. Nikimpelekea msajili karatasi leo, anatia saini kesho. Shahada utaichukua siku hiyo hiyo ukiwa na joho lako. Nipeleke?"

Baba aliitazama simu.

"Nitakupigia, Bibi Jamerson," alisema. "Asante kwa kuniita Bwana."

Akakata. Akaweka mikono mezani, kila mmoja upande wake wa sahani, na akaanza kunieleza. Jinsi alivyosimama kwenye ukingo wa bwawa miaka minne, kila Alhamisi, kaptula mwilini, na kocha akimwambia, "Bwana Gadsden, maji haya yanakufika kifuani." Jinsi walivyomruhusu kuandamana na wenzake siku ya mahafali na kukabidhiwa jalada lile kwa sababu bibi yangu alikuja na ndugu kumi na mmoja, wamevaa kofia za kanisani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Jinsi tarehe kumi Juni alivyofika mpaka mlango wa bwawa na taulo kwapani, akasikia maji yanavyogonga ukuta, akageuka.

"Nikasema nitakwenda mwaka ujao," alisema. "Halafu nikaona aibu kwa kuchelewa mwaka. Halafu miwili. Unaona inavyokwenda?"

Naye alikuwa analia, baba yangu, ambaye kwenye mazishi ya Mama alitoa leso kwa wengine.

"Nilimkalisha kijana wangu mbele za watu, Renita. Kwa kosa langu mwenyewe. Kila nikimtazama nilijiona mimi na lile taulo, nikashindwa kumvumilia."

Na mimi nilifanya nini? Niliacha kijiko kianguke. Nilisema, "Baba! Eti nini?" Nikaweka mkono mdomoni. Niliigiza mshangao mbele ya mtu anayelia, nikaigiza vizuri, na aliponishika mkono na kuniomba msamaha kwa kunidanganya maisha yangu yote, nikamwambia nimemsamehe.

*

Alikataa kumpigia simu Torrance. Alisema jambo kama hilo halisemwi kwa waya. Jumamosi akavaa suti ya kijivu na tai ya kijani, nikaendesha gari saa mbili mpaka North Charleston, na njiani alifanya mazoezi ya maneno yake kwa sauti ndogo kama mtoto anayekariri shairi la Pasaka. Kwenye madaraja alifumba macho.

Torrance alikuwa uani anakaanga samaki kwenye karai, aproni imeandikwa jina la chama cha wachomea vyuma. Ana miaka arobaini na saba sasa, tumbo limemtangulia, ndevu nusu nyeupe. Shavonne alitufungulia geti dogo bila kutabasamu wala kununa.

"Bwana mkubwa," Torrance alisema, uma mkononi. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuambia jambo, na naomba unisikilize nikiwa nimesimama."

Akalisema lote. Hakuficha, hakujitetea, hata la taulo alilisema. Mafuta yalichemka kwenye karai na samaki wa kwanza wakaungua, hakuna aliyewageuza.

"Kuogelea," Torrance alisema mwishowe.

"Kuogelea."

"Mzee, mabinti zangu wote wawili wanaogelea. Hata mbwa wa jirani anaogelea!" Alianza kucheka, kicheko cha bendi, kilichokuwa kinatoka ghorofa ya tatu ya bweni, halafu kikamkatikia njiani akageukia ukuta. Mabega yalimtikisika. Baba alisogea akasimama nyuma yake bila kumgusa.

"Nilikufanyia ubaya," Baba alisema. "Si kwamba nilikosea. Nilikufanyia ubaya."

"Wala sikusimama kama mhitimu, unajua?" Torrance alisema ukutani. "Nilijua sijamaliza, mimi si mjinga. Nilisimama kwa ajili ya Renita. Ilikuwa siku yake. Nilitaka apigiwe mbinja na mtu wa bendi, basi."

Nilishika kiti cha plastiki kilichokuwa karibu. Miaka ishirini na mitatu sikuwahi kujiuliza sentensi ile aliyokatizwa ingeishia wapi.

Baba alimgusa. Torrance akageuka, akamkumbatia, mafuta yakachafua suti ya kijivu, na wazee hawa wawili, kwa maana kaka yangu naye ni mzee sasa, wakabaki hivyo mpaka Shavonne akaja kuzima moto. Baba akakaa. Akaomba maji. Akawa mwepesi, anataka kusema kila kitu kwa mara moja.

"Hata Renita hakujua," alisema. "Masikini, nilipomwambia alishtuka hata kijiko kikamdondoka."

Torrance alinitazama. Tumekua pamoja, tumeigiza pamoja, na yeye ndiye aliyenifundisha kuangusha vitu.

"Renita," alisema, "njoo unisaidie sahani."

Jikoni kwake ni kwembamba. Alifungua kabati, akanipa sahani moja moja, ya kwake, ya Shavonne, ya Baba, yangu. Hakupandisha sauti.

"Ulijua lini?"

Nilifikiria kudanganya. Nitaliandika hilo pia.

"Tisini na nane."

"Tisini na nane." Midomo yake ilisogea akihesabu. "Kwa hiyo siku ile kanisani ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Umesimama pale na gauni lako."

"Ndiyo."

"Baba aliogopa maji," Torrance alisema. "Nimemwelewa. Lemuel alikufa mbele yake. Wewe uliogopa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimelitunza miaka mingi, zuri kabisa: nililinda heshima ya mzee, nililinda wale watoto arobaini na mmoja wasije wakavunjika moyo, nililinda chuo. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini alikuwa ananitazama na zile ndevu nusu nyeupe, mtu aliyesimama na mtoto begani ili nipigiwe mbinja.

"Sikuogopa kitu," nikasema. "Nilipenda kuwa peke yangu niliyesimama."

Uani Baba alikuwa anamwambia Shavonne kuhusu Bibi Jamerson na daftari la wanafunzi, na Shavonne, ambaye hajacheka na sisi tangu mwaka elfu mbili na moja, alikuwa anacheka. Torrance alisikiliza kidogo. Kisha akazichukua sahani mikononi mwangu, akazihesabu, akarudisha moja kabatini.

"Baba nitamrudisha mwenyewe," alisema. "Wewe tangulia."